Salamu iliyoua watu 12 angani

Saa 11:15 jioni, Oktoba 23, 1942, opereta wa redio wa American Airlines mjini Burbank, California, alisikia rubani akiita. Wito wenyewe ulianza kinyume, kana kwamba Burbank ndiyo iliyokuwa ikiiita ndege. Sauti ikajisahihisha: anayeita ni ndege namba 28. Opereta akaitika na kusubiri. Hakusikia kitu. Akaita tena, kimya.

Hakukuwa na taarifa ya injini kuharibika wala kilio cha kuomba msaada. Lakini rubani wa ndege ya abiria huita vituo vya chini kila siku ya kazi, na kuchanganya nani anamwita nani si kosa la siku ya kawaida. Wakati sauti ile inafika Burbank, inaelekea ndege ilikuwa tayari haina usukani wake wa mkiani.

Ndege namba 28 ilikuwa DC-3 ya injini mbili, ndugu wa zile zilizoitwa Dakota jeshini, ambazo baada ya vita wazee wetu walizijua kupitia East African Airways. Iliondoka Burbank saa 10:36 jioni ikielekea New York, na kituo chake cha kwanza kikiwa Phoenix, Arizona. Ndani walikuwamo abiria 9 na wafanyakazi 3: rubani Charles Pedley, rubani msaidizi Louis Reppert na mhudumu wa abiria. Saa 11:02 ilipita juu ya Riverside ikiwa futi 9,000 kutoka usawa wa bahari, kama ilivyopangwa. Hata saa yenyewe iliyosomwa jioni ile ilikuwa ya vita. Tangu Februari mwaka huo Marekani ilikuwa imesogeza mishale mbele kwa saa moja nchi nzima, na serikali ikaziita rasmi saa za vita.

Uwanja wa Burbank wakati huo ulikuwa kichekesho cha aina yake. Kiwanja cha abiria kilipakana na viwanda vya Lockheed vilivyokuwa vikitoa ndege za kivita usiku na mchana. Baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, viwanda hivyo vilifunikwa kwa nyavu, na juu ya nyavu ikajengwa mitaa ya uongo: vinyumba vya turubai, miti ya kutengenezwa, vichochoro visivyoelekea popote. Mafundi wa mandhari wa studio za Hollywood walisaidia kazi hiyo ili rubani wa adui akipita juu aone kitongoji cha watu waliotulia. Abiria wa kwenda Phoenix alipandia ndege yake pembeni ya mji wa maigizo, na chini ya mji huo yalikuwa yakiundwa mabawa ya kivita.

Kupata tiketi nako hakukuwa rahisi. Jeshi lilikuwa limechukua karibu nusu ya ndege za mashirika ya Marekani, na viti vilivyobaki viligawiwa kwa daraja za umuhimu. Mtu angeweza kuambiwa ashuke amwachie nafasi ofisa mwenye barua ya serikali.

Miongoni mwa abiria wale 9 alikuwamo Ralph Rainger, mtunzi wa muziki wa filamu aliyetimiza miaka 41 wiki mbili tu kabla ya safari. Aliwahi kufanya kazi ya sheria kabla ya kuiacha akafuata piano, na alipofika Hollywood akashirikiana na mwandishi wa mashairi ya nyimbo Leo Robin. Wawili hao ndio waliotunga "Thanks for the Memory", wimbo ulioshinda tuzo ya Oscar baada ya mchekeshaji Bob Hope kuuimba na Shirley Ross katika filamu ya mwaka 1938. Hope aliugeuza kuwa wimbo wake wa utambulisho maisha yote, akauimba mbele ya wanajeshi kambi kwa kambi. Onyesho lake la kwanza kwa wanajeshi lilikuwa Mei 1941 kwenye kambi ya ndege ya March Field, na kambi hiyo ipo Riverside. Jioni ile ya Oktoba, mwenye tuni alipita karibu na hapo dakika 13 kabla ya redio kunyamaza.

Dakika hizo 13 ndizo zilizowakusanya wachunguzi.

Muda huohuo, ndege nyingine ilikuwa njiani kutoka Long Beach kwenda Palm Springs, mji ulio chini ya milima upande wa jangwani. Ilikuwa ndege ya mabomu aina ya B-34, iliyojengwa palepale Burbank na kampuni tanzu ya Lockheed, ikitokana na umbo la ndege ya abiria ya kampuni hiyo. Haikuwa ikienda kupigana. Ilikuwa ikisogezwa tu na kikosi cha kuhamisha ndege, kazi iliyofanywa na vijana wengi: kuchukua ndege mpya kiwandani na kuzipeleka zinakotakiwa. Usukani alishika Luteni William Wilson, na kiti cha pili alikaa Sajini Robert Leicht.

Wilson na Reppert walikuwa marafiki. Walisomea urubani pamoja, kisha njia zao zikaachana, mmoja jeshini na mwingine kwenye shirika la abiria. Usiku wa kuamkia safari walionana. Mazungumzo yakafika kazini: kesho wewe unapita wapi, mimi napita wapi. Kumbe ratiba zao zilikuwa zinakaribiana, na njia ilikuwa moja. Wakalinganisha mwendo wa ndege zao, wakaona haiwezekani kupungiana. DC-3 ilikwenda kama kilomita 300 kwa saa, na B-34 ingeweza kupita 450. Mazungumzo yao yaliishia hapo. Haya yote yalielezwa mbele ya wachunguzi.

Anayetoka Los Angeles kwenda mashariki akiwa na ndege isiyopaa juu sana hana uhuru mkubwa wa kuchagua njia. Mbele yake kuna mlango wa San Gorgonio, pengo kati ya mlima wa jina hilo upande wa kaskazini na San Jacinto upande wa kusini. Milima yote miwili inapita mita 3,000. Chini kwenye pengo ni chini ya mita 1,000, na ndiko ilikopitishwa reli na barabara kuu. Ndege za enzi hizo, za abiria na za jeshi, zilibanana mle. Upande wa pili mlima wa San Jacinto unashuka ghafla hadi jangwani, na miguuni pake ndipo ilipo Palm Springs.

Wilson akaiona DC-3. Redio za ndege hizo mbili hazikuwa na masafa ya pamoja, kwa hiyo asingeweza kumwambia rafiki yake hata neno moja. Alichoweza kufanya ni kutikisa mabawa, ishara ya marubani duniani kote. Akaisogelea ndege ya abiria, akaenda nayo sambamba, akatikisa. Hakuona jibu.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kuachana na jambo lile na kwenda zake Palm Springs, dakika chache tu mbele. Hakuiacha. Akavuka njia ya DC-3, akapunguza nguvu za injini ili ile ya polepole imfikie, kisha akaisogelea tena kujaribu mara ya pili. Safari hii akakosea kukadiria umbali. Alipogundua kuwa amekaribia mno akavuta usukani kupanda juu, na rafadha ya injini yake ya kulia ikakata mkia wa ndege ya abiria. Rafadha ile ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 3 na ilizungushwa na injini ya nguvu za farasi 2,000. Usukani wa mkiani haukuwa na uwezo wa kuhimili pigo hilo.

DC-3 ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama ilivyolala, bila kuchimba pua chini, hali ambayo rubani asiye na usukani wa mkiani hawezi kuitoa ndege humo. Ikapiga mwamba kwenye ukingo wa mlima, ikaporomokea jangwani eneo la korongo la Chino, ikalipuka. Wote 12 walikufa. Ndege ya mabomu ilipata uharibifu mdogo, ikatua salama Palm Springs.

Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisomeka kwa namna itakayomshangaza msomaji wa leo. Ilisema kwamba ndege ya jeshi katika safari ya kawaida iligusana na kitu kisichojulikana ilipokuwa ikipita kwenye moshi wa moto wa msituni karibu na Riverside, ikaumia kidogo, ikatua. Watu 12 walikuwa wamelala kwenye mawe ya San Jacinto, na jina walilopewa likawa kitu kisichojulikana. Sisemi kwamba aliyeiandika alikuwa anadanganya. Huenda karatasi ile ilitangulia kabla mambo hayajafahamika, na vita vina kawaida ya kufunga midomo. Lakini atakayesoma taarifa za majeshi zinazotoka leo baada ya ajali ataitambua lugha ile bila kusaidiwa.

Sifa ziende kwa raia waliochunguza. Bodi ya usafiri wa anga ya Marekani, chombo cha kiraia, iliingia kazini katikati ya vita, wakati ambapo ingekuwa rahisi kuambiwa ikae pembeni kwa sababu za usalama wa taifa. Iliwahoji wanajeshi na kupanga safari ya ndege zote mbili, kisha ikaandika jawabu bila kumung'unya maneno. Ilisema chanzo ni mwenendo wa hovyo na usiojali wajibu wa Luteni Wilson, aliyeipeleka kwa makusudi ndege ya mabomu karibu na ndege ya abiria kiasi cha hatari, akitaka kuvuta macho ya rubani msaidizi bila sababu ya kuhalalisha jambo hilo. Imetajwa hadi rubani msaidizi. Bodi haikujificha nyuma ya moshi.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hapa sina la kuongeza.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi. Kwa desturi rubani mkuu hukaa kiti cha kushoto, na msaidizi wake kulia. Rafadha iliyokata mkia ilikuwa ya kulia ya ndege ya mabomu. Kwa hesabu ya kawaida ina maana kuwa ndege ya Wilson ilikuwa upande wa kushoto wa mkia wa DC-3. Yaani salamu ya pili ilitoka nyuma, tena upande usiokuwa wa Reppert. Madirisha ya chumba cha marubani cha DC-3 yanatazama mbele na ubavuni. Kinachofanyika mkiani hakionekani kutoka pale. Inawezekana kabisa kwamba Reppert alikufa bila kujua kuwa aliyewagonga ni rafiki aliyeongea naye usiku uliopita.

Kwetu si jambo geni mtu wa usukani kutaka kumsalimia mwenzake njiani. Nani hajapanda basi la mkoani akaona dereva akiwasha na kuzima taa, akipiga honi, akipunguza mwendo ili apige stori mbili tatu na dereva wa kampuni jirani huku abiria nyuma wakinung'unika? Ni udugu wa kazi, na mara nyingi hauleti madhara. Wilson alikuwa na udugu huohuo, ila alikuwa na chombo kisichoweza kusimama na mtu wa kusalimiwa asiyeweza kugeuza shingo.

Tena alikuwa kijana wa mwaka 1942. Marekani ilikuwa ikifyatua marubani kwa maelfu, wengine wakiwa bado wadogo kabisa, ikiwakabidhi ndege zenye nguvu ambazo miaka michache nyuma zilikuwa michoro tu. Hadi vita vinakwisha, watu karibu 15,000 wa jeshi la anga la nchi hiyo walikuwa wamekufa kwenye ajali ndani ya Marekani kwenyewe, mbali na risasi za Wajerumani na Wajapani. Na raia hawakuwa salama hata pale jeshi lilipochukua hatua kwa nia njema. Januari 16 mwaka huohuo wa 1942, ndege ya TWA iliyokuwa ikienda Burbank kutoka Las Vegas ilijipigiza mlimani usiku, ikaua watu 22, akiwamo mwigizaji Carole Lombard na askari 15 wa jeshi la anga. Taa za kuongoza ndege njiani zilikuwa zimezimwa kwa hofu ya Wajapani.

Jeshi lilimfungulia Wilson mashtaka ya kuua bila kukusudia. Mahakama ya kijeshi ikamsikiliza, ikamwachia huru. Tukio lilikuwa lilelile, lakini meza za hukumu zikawa mbili. Raia waliandika kwamba mtu huyu alifanya jambo la hovyo kwa makusudi, na wanajeshi wenzake wakasema hana hatia ya jinai. Kisheria majawabu hayo yanaweza kukaa pamoja, maana kutafuta chanzo cha ajali na kuthibitisha kosa la jinai ni kazi mbili tofauti zenye vipimo tofauti. Lakini mweleze hivyo mjane.

Mjane wa Rainger, aliyeachiwa watoto watatu wadogo, hakulishtaki jeshi. Alilishtaki shirika la ndege, na Juni 1943 jopo la mahakama likamwamulia alipwe zaidi ya dola 77,000. Tafakari hapo. Shirika ambalo ndege yake ilikuwa kwenye njia yake na kwenye kimo chake ndilo lililoamriwa kutoa fedha.

Tangu nianze kusoma habari za ajali hii nimejikuta nikikubaliana na bodi, kisha nikiwa na shaka nayo. Ninakubaliana nayo kwa sababu ilisema kweli: Wilson angetulia, watu wale wangefika Phoenix. Shaka yangu ni kwamba jawabu linalomtazama mtu mmoja huwapa nafuu wengine wengi. Nchi moja ilipeleka ndege za aina mbili kwenye pengo moja la milima, kwenye hewa moja, bila kuzipa redio zinazosikilizana. Ulinzi uliobaki ulikuwa macho ya marubani: ona, nawe uonekane. Sheria hiyo hufanya kazi pale wote wawili wanapoweza kuonana. Wilson alikuwa akiiona DC-3 vizuri kabisa. Hilo halikumsaidia mtu.

Yaliyofuata baada ya vita yanaonyesha kwamba shaka hiyo si ya bure. Aprili 21, 1958, ndege ya kivita ya F-100 iligongana na DC-7 ya United karibu na Las Vegas, watu 49 wakafa. Mwezi mmoja baadaye, Mei 20, ndege ya mafunzo ya kijeshi ikagongana na Viscount ya abiria juu ya Brunswick, Maryland, wakafa 12. Miaka miwili kabla yake, ndege mbili za abiria zilikuwa zimegongana juu ya Grand Canyon na kuua 128. Bunge la Marekani likachoka. Agosti 1958 ikapitishwa sheria ya kuunda mamlaka moja ya anga, yenye nguvu ya kupanga ndege za raia na za jeshi kwa pamoja. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu korongo la Chino. Hata hapo haikuisha: Juni 6, 1971, Phantom, ndege ya kivita ya kikosi cha Marines cha Marekani, iligongana na DC-9 ya abiria juu ya milima ya San Gabriel, si mbali na Burbank, wakafa 50.

Huku kwetu, Machi 5, 2024, Dash 8 iliyobeba watu 44 na Cessna ya mafunzo ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi chini salama. Mwalimu na mwanafunzi wake ndani ya Cessna walikufa. Hapakuwa na jeshi wala vita.

Na Januari 29, 2025, usiku, juu ya mto Potomac mjini Washington, helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua. Watu 67 walikufa. Mwongoza ndege alikuwa ameiuliza helikopta kama inaiona ndege ile. Wakajibu kwamba wanaiona, na wakaruhusiwa kutenganisha vyombo kwa macho.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Oktoba 23, 1942, ni hii. Luteni Wilson alikosa, na bodi ilifanya vizuri kumtaja bila woga. Mahakama ya kijeshi ilikuwa laini kwake kuliko alivyostahili. Lakini mshtakiwa alikuwa peke yake, na hapo pana dosari. Waliokubali ndege ya abiria na ndege ya mabomu zipite mlango mmoja bila kuweza kuambizana neno hawakuwa kwenye kizimba kile, na ilichukua maiti nyingine nyingi kabla ya mtu yeyote kuwadai maelezo.